SOMO LA FAMILIA: Mshusheni Mtoto Acheze

Somo la leo ni kwa wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na bibi na dada wakubwa ambao ndio wanaoshinda nao.

Hapa kambini tunawabeba watoto sana. Asubuhi mtoto yuko mgongoni bombani, mchana kwenye foleni ya mgao, jioni tukienda kuni. Tunaogopa mafiga yenye moto na mashimo yaliyochimbwa matofali, na tuna haki ya kuogopa. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe, hata mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo. Aliyetimiza mwaka mmoja apate angalau saa tatu za kucheza na kutembeatembea, kidogo kidogo mchana kutwa.

Sababu ni hii. Ndani ya kila sikio kuna vifereji vitatu vyembamba vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji husukumwa na ubongo hupata habari. Macho huleta habari yake, nyayo na misuli pia. Ubongo hujifunza kuziunganisha mwili unapoinama, unapoyumba na kuinuka. Mgongoni miguu ya mtoto haina kazi.

Basi fagieni kiwanja kidogo mlangoni, mbali na moto, mtu mzima akae karibu. Anayesimama dede, mwekeeni benchi aliegemee, nanyi mumwite kutoka upande wa pili. Anayekwenda tata, mwagieni magunzi ya mahindi ayaokote na kuyatia kwenye bakuli. Kuchuchumaa na kuinuka ni kazi kubwa kwake kuliko tunavyodhani. Wa miaka miwili avuke mkeka uliokunjwa, afuate mstari wa majivu, apige teke mpira wa makaratasi, maana hapo husimama kwa mguu mmoja. Kama hapana miba wala vioo, acheze peku.

Akianguka, msimcheke wala kumnyakua upesi. Na kina baba, nusu saa ya bao mnaweza kumwazima mtoto.

Watoto hawafanani, ila wengi hutembea kabla ya miezi 18. Aliyepita hapo bila kutembea, au aliyekuwa akitembea kisha akaacha, apelekwe zahanati na kadi yake ya kliniki. Msingoje mkisema ni uvivu, au karogwa.