Je, Kompyuta ya Shule Yahitaji Kadi ya Sauti ya Ziada?

Sauti ni mtetemo. Mpiga ngoma wa Kizaramo aipigapo ngoma yake huko Kisarawe, ngozi hutetemeka, hewa iliyo jirani nayo husukumwa na kuvutwa, na mtetemo huo husafiri hadi masikioni mwa wasikilizaji. Kompyuta, kwa upande wake, haijui ngozi wala hewa. Hujua tarakimu tu. Kwa hiyo kila kompyuta inayopokea au kutoa sauti sharti iwe na mkalimani kati ya tarakimu na mtetemo. Mkalimani huyo ndiye kadi ya sauti.

Kazi yake ni hii. Kipaza sauti hugeuza mtetemo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kadi huupima umeme huo mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Wakati wa kusikiliza, kazi hufanywa kinyume chake. Kanuni yasema kwamba mtetemo hauhifadhiki sawasawa mpaka upimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Sikio la kijana husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana diski za muziki za CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Simu za tarakimu kwa kawaida zilitosheka na vipimo 8,000, na maneno yakaeleweka vyema.

Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo, ambayo aghalabu ilitoa mlio mmoja tu kwa wakati mmoja. Aliyetaka muziki alilazimika kununua kadi na kuichomeka ndani, kwa mfano ile ya Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore. Mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa kanuni za AC'97, na hatua kwa hatua mkalimani huyo akahamia katika ubao mkuu wa kompyuta. Kanuni zilizofuata mwaka 2004 ziliruhusu vipimo hadi 192,000 kwa sekunde. Hivyo basi, karibu kila kompyuta ya leo tayari inacho chombo hicho, ingawa hakionekani kwa nje. Swali lililobaki ni kama yahitaji kingine.

Na ichukuliwe mifano miwili. Wa kwanza ni shule ya Kibaha inayotaka kompyuta 20 kwa mazoezi ya kusikiliza lugha. Miongoni mwa wanafunzi yumo asiyeona, ambaye hutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti. Kwake yeye sauti si pambo. Ndiyo macho yake. Hata hivyo, matamshi hayahitaji zaidi ya uwezo wa ubao mkuu. Kinachomzuia kusikia ni minong'ono ya wenziwe na ngurumo za malori ya Barabara ya Morogoro, na kelele hizo hazipunguzwi na kadi yoyote. Fedha za kadi 20 zitamfaa zaidi zikinunua hedifoni imara zinazofunika masikio.

Mfano wa pili ni shule ya Kisarawe inayotaka kurekodi ngoma nne na waimbaji wawili, kila mmoja kwa kipaza sauti chake, ili baadaye sauti ya mwimbaji iweze kuongezwa pasipo kuongeza ngoma. Tundu la kawaida la kompyuta hupokea kipaza sauti kimoja tu. Isitoshe, baadhi ya vipaza sauti vya studio huhitaji kulishwa umeme wa volti 48. Hapa kadi ya ziada yenye matundu mengi, inayounganishwa kwa USB, ni ya lazima.

Ikiwa shida ni mkwaruzo au mvumo, kadi isinunuliwe kabla ya majaribio matatu. Kwanza, hedifoni zibadilishwe. Pili, ikiwa kompyuta ni ya mkononi, ichomolewe katika umeme na kutumia betri. Umeme wa Tanzania hubadilika mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo mzito ukikoma, kasoro imo katika njia ya umeme. Tatu, zijaribiwe hedifoni za USB, ambazo zina kadi ndogo ndani yake. Kelele ikitoweka, kasoro i katika ubao mkuu au tundu lake, na kadi ndogo ya USB ya bei nafuu yatosha.

Anayepima kwanza hununua kile tu kinachopungua.

Zoezi

1. Sauti ya njia mbili hupimwa mara 44,100 kila sekunde katika kila njia, na kila kipimo huchukua baiti 2. Dakika moja huchukua baiti ngapi? (Jibu: 10,584,000.)

2. Kwa nini vipimo 8,000 kwa sekunde hutosha kwa maneno, lakini huupoteza mlio mwembamba wa kayamba?