Maktaba Isiyoonekana: Hitilafu ya Praat katika Utafiti wa Irabu za Ekegusii

Makala haya yanashughulikia kikwazo kinachomkumba mwanaisimu anayetumia Linux: programu kukataa kufunguka kwa kukosa maktaba ya pamoja. Mfano unaotumika ni wa mtafiti anayelinganisha irabu 7 za Ekegusii na 5 za Kiswahili kwa sauti anazozirekodi Kisii na Nyamira. Chombo chake ni Praat, programu iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Chukulia yuko Kebirigo, wazee wamekwisha kuketi, naye anapoifungua Praat kompyuta inajibu kwamba libasound.so.2 haipatikani. Wengi hudhani Praat imeharibika, wakaifuta na kuipakua upya. Hiyo ni kazi bure, kwani kinachokosekana hakimo ndani ya Praat. Neno maktaba limeteuliwa vyema hapa: faili moja huazimwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, pasipo kila programu kubeba nakala yake.

Hatua ya kwanza ni amri ldd ./praat, ambayo huorodhesha maktaba zote zinazohitajika na kuonyesha zisizopatikana. Ya pili ni kutambua kifurushi chenye faili hiyo, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa maana jina la faili silo la kifurushi. Katika Debian 12 ya 2023 kifurushi huitwa libasound2. Katika Ubuntu 24.04 ya 2024 ni libasound2t64. Penye intaneti, kwa Debian hiyo amri sudo apt install libasound2 yatosha. Pasipo na intaneti, kifurushi hubebwa kwa fleshi kutoka mjini, pamoja na libasound2-data kinachokitegemeza, kisha vyote viwili husakinishwa kwa dpkg -i. Sharti vilingane na toleo la Linux na aina ya kichakataji.

Maktaba ikiwapo lakini katika saraka isiyo ya kawaida, saraka hiyo huandikwa katika /etc/ld.so.conf.d, kisha ldconfig huendeshwa.

Aidha, wapo wanaounda kiungo chenye jina linalotakiwa na kukielekeza kwenye toleo jingine la maktaba. Ujanja huo ni wa hatari: programu yaweza kufunguka, kisha ikazimika katikati ya kurekodi, na mzee aliyekwisha kusimulia hatarudia vile vile. Ukaguzi kwa ldd na ufanywe mjini Kisii, kungali na intaneti, kabla ya kupanda matatu ya Kebirigo.