Mbele ya kupeleka ordinatere kwa fundi

Ordinatere ya koperative ikikataa kuwaka, tunaifunga kwenye pikipiki na kuipeleka mjini. Tunafikiri tumepeleka chuma tu. Kumbe ndani yake mna majina yenu, namba za telefone, kilo za kahawa ambazo kila mutu alileta, madeni, na siku ya malipo. Mwizi akijua siku hiyo, hana haja ya kuuliza njia.

Kama mashini ingali inawaka, mukopie mafaili yote kwenye disiki ya nje, halafu muyafungue kwenye ordinatere ingine muone kama yanasomeka. Ndipo mufute. Lakini kufuta peke yake hakutoshi: mara nyingi faili inabaki kwenye disiki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na fundi iko na programu ya kuirudisha. Neno la siri nalo halimzuie mutu anayetoa disiki na kuiweka kwenye mashini yake.

Sisi tunapenda njia fupi. Ubovu ukiwa wa chaja, kioo ao klavie, mumwombe fundi atoe disiki mbele yenu, murudi nayo. Kwenye mashini nyingi ni visi chache tu. Disiki yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa, mwanamemba mmoja akae pale mpaka kazi iishe. Apelekewe chakula, maana siku itakuwa ndefu.

Mashini imezimika kabisa? Mushike telefone ya mutunza feza, mufungue WhatsApp, mutoe ile ordinatere kwenye vyombo vilivyounganishwa. Hiyo inawezekana hata kama mashini iko tayari kwa fundi.