Kwa Nini Mwanafunzi Anamhoji Hata Asiye Mgonjwa

Ugonjwa wa kuhara unapozuka, wagonjwa hutibiwa na wakati huo huo chanzo hutafutwa. Kazi hii ya pili inahitaji watu wengi kwa muda mfupi, maana ikipita wiki moja mtu hakumbuki alichokula. Maafisa wa afya ya umma ni wachache, na siku hiyo hiyo wanapima maji na kukagua hoteli.

Mwaka 2003, Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani kilianzisha Team Epi-Aid, kikundi cha wanafunzi wa kujitolea wanaosaidia idara za afya wakati wa mlipuko. Hawatibu mtu. Huhoji watu na kuweka majibu kwenye kompyuta.

Linaloshangaza wengi ni kwamba wazima nao huhojiwa. Tuseme waliohudhuria harusi wanaharisha, na wagonjwa wote walikula pilau. Ikiwa wazima pia walikula pilau hiyo, basi huenda tatizo ni kachumbari, au maji ya pipa. Wazima wasipoulizwa, pilau italaumiwa bure na pipa litaendelea kutumika.

Nchini Kenya huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti tangu 2013, hivyo mpango kama huu unaweza kuanzia hapa. Mkazi anayehojiwa ana haki ya kuomba kitambulisho na kuuliza majibu yake yatatumiwaje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za afya yake. Anayedai pesa ili akuhoji aripotiwe kwa chifu au kituo cha afya.