Mzee Anaposahau, Mwache Abuni

Nyanya wa miaka 80 anauliza mama yake yuko wapi. Mjukuu anajibu, "Nyanya, si alikufa kitambo?" Kwake msiba huo ni mpya, analia. Baada ya saa moja anauliza tena.

Ugonjwa wa kusahau, ambao wauguzi huuita dimenshia, si uzee wa kawaida wala si uchawi. Ni maradhi ya ubongo. Hapa Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na anayezurura usiku akizungumza peke yake ni rahisi kunyooshewa kidole. Kwa hivyo jinsi tunavyozungumza naye mbele ya majirani na wajukuu si jambo dogo.

Mwaka 1996 Anne Basting, msomi wa michezo ya kuigiza, alikuwa akijitolea katika makao ya wazee mjini Milwaukee, Marekani. Mazoezi ya kuwakumbusha mambo ya zamani yalikuwa yamegonga mwamba. Akachana picha ya mchunga ng'ombe kwenye jarida, akauliza: tumwite nani? Mmoja akasema, Fred. Kila jibu akaliandika, na kwa dakika 45 wazee wakabuni hadithi, wakacheka na kuimba. Hapo ndipo ulipochipuka mpango wa TimeSlips.

Nyumbani huhitaji kununua kitu. Mwamkie shikamoo kwanza, kwani huu ni mchezo na mtu mzima. Kisha mpe kanga, ungo au picha ya kalenda. Usiulize, "Unamkumbuka huyu?" Huo ni mtihani, na atafeli. Uliza, "Huyu anaenda wapi? Akifika atakula nini?" Akisema samaki amepanda matatu, muulize amelipa nauli ngapi. (Watoto hutushinda sana kwa hili.) Naye nyanya anayemtafuta mama yake, muulize: "Mama alikuwa akipika nini?" Hujamdanganya, na hujamfisha mamake mara ya pili.

Asiyeongea tena anaweza kupanga kete za bao apendavyo, au kupiga makofi mkiimba. Akichoka, acheni.

Mchezo hautibu. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache tu, usingoje: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au sukari. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usahaulifu unaozidi polepole, mweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako.