Ukingo wa Ghorofa: Zuia Kwanza, Mkanda Baadaye

Kijitabu hiki ni cha fundi, saidia fundi, fomani na mwenye jengo.

Anayeanguka kutoka kwenye slabu ya kwanza, urefu wa mita 3 tu, hufika chini kabla sekunde moja haijaisha, kwa kasi ya takribani kilomita 28 kwa saa. Hawahi kushika kitu. Kwa hiyo ukingo uzibwe kabla mtu hajapanda kufanya kazi nyingine yoyote.

Kizuizi kinachofaa

Weka mti wa juu usawa wa mita 1 hivi, mwingine katikati, na ubao chini kabisa ili nyundo na vipande vya tofali visiwaangukie walio chini. Mirunda na mbao vinatosha vikiwa vizima. Mbao za ulalo zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo: mtu akiegemea, uzito wake unazikandamiza kwenye nguzo. Zikipigiliwa nje, uzito huohuo unang'oa misumari. Fomani akisukume kizuizi kwa nguvu kila asubuhi. Utepe wa rangi ni onyo tu, haumzuii mtu.

Matundu

Shimo la lifti na tundu la ngazi vinatisha, hivyo watu huviogopa. Hatari iliyojificha ni tundu dogo la mabomba lililofunikwa na plaiwudi isiyopigiliwa. Kibarua anatumwa plaiwudi, anaiona, anainyanyua mbele ya kifua, anapiga hatua na kutumbukia kwenye tundu ambalo plaiwudi yenyewe imemziba asilione. Pigilia kila kifuniko, kisha andika SHIMO kwa rangi, herufi kubwa.

Siku ya zege

Mafundi husema zege halilali, na ni kweli. Lakini siku hiyo ndipo kizuizi hutolewa ili winchi ipate nafasi, giza linaingia, watu wamechoka, na pengo limebaki wazi. Fungua sehemu ya winchi tu. Anayepokea ndoo pale afungwe mkanda, na mbao zirudishwe kabla ya kwenda kula.

Mkanda

Mkanda wa mwili mzima ni kinga ya mwisho, tena una hesabu zake. Kamba ya mita 1.8, kifyonza mshtuko kinachoweza kurefuka karibu mita 1 zaidi, na urefu wa mwili wako: ukifungia usawa wa miguu, unahitaji zaidi ya mita 5 za nafasi tupu chini yako. Kwenye slabu ya kwanza utagonga ardhi kabla haujakuzuia. Fungia juu ya kichwa, mahali imara, kamwe si kwenye bomba la umeme. Aliyening'inia ashushwe ndani ya dakika chache, kwani damu hujikusanya miguuni na anaweza kupoteza maisha.

Nani analipia?

Mwajiri. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika wajibu huo. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi pia ni wake. Asikukate mshahara kwa ajili hiyo.

Mtu akianguka

Msimkalishe wala kumpakia bodaboda. Mmoja ashike kichwa na shingo visigeuke, mwingine apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na mwingine asimame barabarani kuelekeza gari.