Rafiki Anayekujua kwa Jina Lako
Somo la wiki: Mithali 17:17, 1 Samweli 23:15-18

Jumapili tulisoma habari za Daudi na Yonathani, na baada ya ibada watu kadhaa walinifuata pale mlangoni wakaniuliza: "Pasta, urafiki kama huo bado uko siku hizi?" Uko. Leo nianze na watu wawili ambao si wahubiri. Ni waigizaji.

Tarehe 4 Oktoba 1957, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha kipindi kiitwacho Leave It to Beaver, kuhusu familia ya kawaida yenye wavulana wawili. Mdogo, Beaver, aliigizwa na Jerry Mathers wa miaka 9. Kaka yake, Wally, aliigizwa na Tony Dow wa miaka 12. Kiliendelea miaka 6, sehemu 234, kikaisha 1963.

Hebu piga hesabu. Kazi iliisha Jerry akiwa na miaka 15 na Tony 18. Wengi wetu umri huo hatukuwa tumeonja hata mshahara wa kwanza. Jerry alirudi shule, baadaye akasomea falsafa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akafanya kazi benki. Lakini Tony alipita mahali pagumu. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alishikwa na sonona, ile huzuni nzito ambayo ni ugonjwa. Watu walitaka abaki Wally, na yeye alikuwa Tony. Alitafuta msaada, akaja kuzungumza waziwazi juu ya hali yake, akawa mwelekezi wa vipindi na mchongaji wa sanamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 hao wawili walipanda jukwaani pamoja tena. Kuanzia 1983 mpaka 1989 wakarudi kwa televisheni kama ndugu walewale, sasa watu wazima. Tony alifariki kwa saratani tarehe 27 Julai 2022, akiwa na miaka 77. Jerry alimwomboleza kama ndugu wa televisheni na ndugu wa maisha pia. Walikuwa wamejuana karibu miaka 65. Tujifunze nini?

1. Mkataba uliisha, urafiki ukabaki. Mimi nilisomea biashara. Mkataba ukiisha, kila mtu anachukua chake anaenda, na kwa kampuni hiyo ni sawa. Shida ni kwamba marafiki pia tunawafanyia hivyo. Mkiwa kwaya moja, chama kimoja, ofisi moja, mnaitana ndugu. Mmoja akihamia Nakuru, imeisha. Mithali 17:17 inatuonyesha rafiki ambaye upendo wake hauna msimu.

2. Jerry alimjua Tony, si Wally tu. Hata sisi hapa kanisani tuna majina ya jukwaani: Mzee wa Kanisa, Mama Maombi, Pasta. Ukivua hicho cheo jioni, nani anakujua? Kama hakuna hata mmoja, uko hatarini, hata kama unahudumu kila Jumapili.

3. Yonathani alienda mwenyewe. Daudi alikuwa anawindwa nyikani Zifu. Yonathani, mtoto wa mfalme, angeweza kutuma mjumbe. Lakini aliondoka akamfuata kule kule, akamtia nguvu katika Mungu.

Hapa wacha nikiri. Nina rafiki tuliyesoma naye chuo. Aliacha kuja kwa ushirika, nami nikawa namtumia mstari wa Biblia kwa WhatsApp kila asubuhi. Alikuwa anajibu, "Amina." Nikaridhika. Baada ya miezi saba dada yake alinipigia akaniambia amelazwa, hali wala halali. Nilipofika aliniambia polepole, "Hizo amina zote nilikuwa naandika nikiwa nimelala sakafuni." Wapendwa, kwake ni matatu moja tu. Nauli ya shilingi mia. Mistari haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba sikwenda.

Sasa anaendelea vizuri, kwa maombi na kwa dawa, vyote viwili. Naomba tuache kuwaambia watu kama yeye kwamba hawana imani. Eliya aliomba kufa (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtumia chakula, na maongezi yakaja baadaye. Kama wewe ndiye uko chini ya huo mti wiki hii, mwambie mtu. Ukihitaji hospitali, njoo uniambie, tutaenda pamoja.

Zoezi la wiki: Andika jina la rafiki mmoja ambaye amenyamaza. Usimtumie ujumbe na kuishia hapo. Kabla ya Jumamosi, nenda umwone. Kama yuko mbali, piga simu na usikate haraka.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
- Ni rafiki gani uliyemwacha kwa sababu tu kazi au mtaa ulibadilika?
- Nani angejua kama "Amina" yako si ya kweli?

Tuombe: Baba, asante kwa marafiki uliotupa. Tusamehe pale tulipotuma maneno badala ya kwenda. Tupe miguu ya Yonathani. Katika jina la Yesu, Amina.